Gedi: Mji uliomezwa na msitu na swali la waliouasisi

MAZUNGUMZO kuhusu akiolojia ya pwani ya Kenya hayakosi kufika Gedi, mji wa mawe uliomezwa na msitu yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi. Wapenzi wa historia huuliza kwanza ni kwa nini wenyeji waliuhama mapema katika karne ya 17. Majibu hutofautiana: wapo wanaotaja kukauka kwa visima, wengine uvamizi wa Waoromo.

Hata hivyo, swali zito zaidi ni la waliouasisi. James Kirkman, aliyeongoza uchimbuzi kuanzia 1948 hadi 1958, aliuhesabu kuwa mji wa Waarabu. Watafiti waliomfuata walilipinga wazo hilo, wakisema ulikuwa mji wa Waswahili, na kwamba wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo zisizoacha magofu ya kutazamwa. Mgeni anayeonyeshwa jumba la mtawala na msikiti mkuu pekee huondoka na nusu ya habari.

Nyumba kadhaa zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo, ukiwemo mkasi. Vyombo vya kauri kutoka China navyo ni ushahidi wa biashara ya mbali. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Adimu sana, kwani magofu mengi ya pwani hayana maandishi ya kuyapa umri.

Gedi ilitangazwa kuwa turathi ya kihistoria mwaka wa 1927. Unesco iliiorodhesha miongoni mwa Turathi za Dunia mnamo Julai 2024.