Risasi ya Morogoro: Utenganishaji wa Kikemia Kabla ya Rezini

Msafiri wa Reli ya Kati anayepita Kingolwira huiona Milima ya Uluguru upande wa kusini. Katika machimbo ya ulanga ya milima hiyo, enzi za Wajerumani, yalipatikana mawe meusi, mazito, yenye urani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliyachanganua, na katika sehemu zake zilizogeuka manjano akatambua madini mapya, kaboneti ya urani, aliyoyapa jina la Ernest Rutherford. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Mawe ya Marckwald, basi, yaliondoka kabla ya treni, yaelekea mabegani mwa wapagazi; historia za kemia huwapita watu hao kimya.

Swali kubwa lilikuja baadaye. Frederick Soddy alidai mwaka 1913 kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzani tofauti. Kama ni kweli, risasi iliyozaliwa na urani ingekuwa nyepesi kuliko risasi ya kawaida, ambayo uzani wake wa atomu ni 207.2. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walianza na madini ya Joachimsthal, wakapata takriban 206.7: ushahidi mzuri, lakini uliochafuliwa na risasi ya kawaida iliyokuwamo. Fuwele za Morogoro ziliwapa takriban 206.05. Kwa maoni yangu hapa ndipo masimulizi yanayoanzia na kuishia Vienna yanapokosea, kwani ustadi wa mizani peke yake haukutosha. Ilihitajika pia fuwele iliyokaribia kukosa risasi ya kawaida, na Uluguru iliitoa.

Utenganishaji wenyewe ulikuwa kazi ya mikono: kuyeyusha kwa asidi, kutengeneza mashapo, kuchuja, kuunda fuwele upya, kisha kurudia. Rezini sanisi za kubadilishana ioni, ambazo baadaye zingelainisha maji na kuondoa rangi katika sukari, zilielezwa na Adams na Holmes huko Teddington mwaka 1935 tu. Siku hizi mwanajiolojia anayetafuta umri wa miamba humimina myeyusho wa asidi katika safu ndogo ya rezini. Risasi hunata, urani hupita. Hata hivyo, risasi nyepesi na nzito hutoka pamoja, kama zilivyotoka katika vyombo vya Horovitz, na kuzipambanua kwahitaji spektromita ya masi.