Jina la pili kwenye tabaruku ya Debussy

Claude Debussy alipochapisha opera yake, Pelléas et Mélisande, aliitabaruku kwa watu wawili. Wa kwanza ni Georges Hartmann, mchapishaji aliyemsaidia kwa hali na mali, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Wa pili ni André Messager. Wapenzi wengi wa muziki hulipita jina hilo la pili bila kusimama, na hiyo ni dhuluma. Opera iliyobadili muziki wa karne ya 20 ilipandishwa jukwaani na mtunzi wa opereta za kuchekesha.

Messager alizaliwa Montluçon, katikati ya Ufaransa, Desemba 30, 1853. Familia ilipofilisika, kijana alipelekwa École Niedermeyer jijini Paris, shule iliyoandaa wanamuziki wa kanisa. Huko alifundishwa na Camille Saint-Saëns, akajenga urafiki na Gabriel Fauré, aliyemzidi umri kwa miaka minane. Mwaka 1881 marafiki hao walikwenda kupumzika Villerville, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Normandy, wakashirikiana kutunga misa ya sauti za wanawake ili kuwachangia wavuvi wa pale. Walitunga pamoja pia Souvenirs de Bayreuth, kipande cha piano cha kupigwa na watu wawili, ambamo nyimbo nzito za Wagner zinageuzwa kuwa muziki wa kuchezea densi. Utani wa namna hiyo huwezekana tu kwa watu wanaoijua na kuipenda kazi wanayoitania.

Kanisa halikumtosha. Akiwa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice, alianza kutunga bale kwa ajili ya Folies Bergère, ukumbi wa starehe, na kufikia 1886 bale yake Les Deux Pigeons ilikuwa ikichezwa katika Opera ya Paris. Ikafuata La Basoche mwaka 1890, kisha Véronique, mwaka 1898, kazi iliyompa umaarufu mkubwa kuliko zote. Ndani yake binti wa ukoo bora anajifanya muuza maua ili amtie adabu mwanamume aliyepangiwa kumwoa. Wawili hao wanaimba wakiwa wamepanda punda, baadaye wanaimba kwenye bembea, na okestra inapanda na kushuka pamoja nao. Inasikika rahisi kabisa. Lakini ukitega sikio kwa vyombo vya okestra utagundua kwamba kila kimoja, hata filimbi ya pembeni, kina nafasi yake na hakuna kinachomfunika mwimbaji.

Sikio hilo ndilo Debussy alilolihitaji.

Mwaka huohuo wa 1898 Albert Carré alikabidhiwa uongozi wa Opéra-Comique, akamweka Messager kusimamia muziki. Messager alikwisha kuonja sehemu za Pelléas Debussy alipokuwa bado anaitunga, na yeye ndiye aliyemshawishi Carré aipokee. Mazoezi yalianza mapema mwaka 1902. Debussy alikwenda nyumbani kwa Messager, akaketi kwenye piano, akaimba peke yake sehemu za wahusika wote, waimbaji wakisikiliza kimya hadi mwisho.

Balaa lilianza pale okestra ilipoingia. Karatasi za wapigaji zilikuwa zimenakiliwa ovyo, zimejaa makosa, hivyo kila mara ilibidi wasimame, waulize, wasahihishe, waanze upya. Ikaja kero ya jukwaa: lilikuwa dogo, mafundi hawakuweza kubadilisha mandhari kwa wakati, na muziki uliisha pazia likiwa bado limefungwa. Debussy alilazimika kuandika kurasa za ziada za kujaza mapengo hayo, na Messager akawa anazifuata mwenyewe, karatasi baada ya karatasi, kati ya zoezi moja na jingine. Kurasa hizo zilizoandikwa mbiombio leo ni miongoni mwa sehemu nzuri kuliko zote za opera hiyo.

Juu ya hayo, mwandishi wa tamthilia iliyozaa opera hiyo, Maurice Maeterlinck, alikasirika kwa sababu nafasi ya Mélisande alipewa Mary Garden, mwimbaji kutoka Scotland, badala ya mpenzi wake Georgette Leblanc. Akaandika gazetini kwamba anaiombea kazi hiyo ianguke. Katika zoezi la mwisho mbele ya wageni, Aprili 28, baadhi ya watu waliangua vicheko. Siku mbili baadaye pazia lilifunguliwa rasmi, na Messager akaiongoza opera hadi mwisho bila kuyumba.

Baada ya maonyesho machache alivuka kwenda London, kwa kuwa tangu 1901 alikuwa pia na madaraka Covent Garden. Henri Büsser akashika nafasi yake, na Debussy akamwandikia Messager kwa masikitiko kwamba mambo si kama yalivyokuwa.

Sifa za kuongoza zilimletea vyeo: Opera ya Paris kuanzia 1908, na mwaka huohuo okestra ya Société des Concerts du Conservatoire, aliyoizungusha Marekani mwaka 1918. Vyeo hivyo, pamoja na vya awali, vilimla muda. Opera yake Fortunio ya 1907 ni kazi ya upole na huzuni ambayo mtu akiisikia anatamani mtunzi wake angeachiwa nafasi zaidi.

Mizigo ya ofisi ilipoanza kupungua, kalamu ilirudi. Monsieur Beaucaire ilifunguliwa Birmingham mwaka 1919, ikiimbwa kwa Kiingereza, na nyota wake alikuwa Maggie Teyte, aliyewahi kumrithi Garden katika nafasi ya Mélisande. Mwaka 1923, akiwa na miaka 69, alitunga L'Amour masqué pamoja na Sacha Guitry, na mwaka 1928 akatoa Coups de roulis. Alifariki Paris, Februari 24, 1929. Opéra-Comique iliirudisha Fortunio jukwaani mwaka 2009, na tena mwaka 2019.