Chuma kisichoshika kutu, mbona kina kutu?

Leo tuweke programu kando kidogo tutazame magari ya zamani. Yale mapambo yake yanayong'aa husemwa hayashiki kutu. Mbona basi yana madoa mekundu?

Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alichanganya chuma na kromiamu, kama asilimia 13, akapata kisichoshika kutu. Kufikia 1930, Ford ilikitumia kwenye taa na fremu ya rejeta ya Model A.

Siri yake ni utando mwembamba ajabu wa kromiamu na oksijeni, ambao ukikwaruzwa hujiunda upya. Adui yake ni chumvi, na chembe za chuma cha kawaida zinazonasa juu yake. Ndiyo maana ukisugua kwa waya wa sufuria, unapanda kutu mpya! Sisi waandishi wa programu tunalijua hilo: mara nyingine dawa ndiyo ugonjwa.

Mimi hutumia maji ya limau na sponji laini, kisha nasuuza na kukausha vizuri. Utando hurudi wenyewe.