Daraja ambalo Stanley hakuliona

Mtu wa Bariadi hahitaji kuelezwa thamani ya daraja. Wakati wa kiangazi mto Simiyu unabaki mchanga, na watu wanachimba humo kutafuta maji ya kunywesha mifugo. Mvua zikishika, mto huo huo unajaa ghafla na mwenye safari yake hana budi kungoja. Mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, kwa kumega Shinyanga na sehemu ya Mwanza, ukapewa jina la mto huu, na sioni jina jingine ambalo lingefaa zaidi.

Simiyu uliingia katika vitabu vya Ulaya mapema. Henry Morton Stanley alifika kusini mwa Ziwa Victoria Februari 1875, akaliandika jina la mto kwa masikio yake mwenyewe, "Shimeeyu", kisha akautangazia ulimwengu kwamba hicho ndicho chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile. Alikosea. Baadaye ilithibitika kwamba chanzo hicho kiko Burundi. Hata hivyo ghuba ambako Simiyu unamwaga maji yake bado inaitwa Ghuba ya Speke, jina alilolitoa Stanley huyo huyo kumuenzi Mwingereza mwenzake. Kosa la mwandishi hufutwa, lakini majina aliyoyabandika hubaki!

Sasa tuvuke nchi hadi kusini-magharibi, wilayani Rungwe. Huko mto Kiwira, unaoteremka kwenda Ziwa Nyasa, unapita chini ya daraja ambalo halina nondo wala saruji, na halikupata kuwa na mkandarasi. Ni mwamba mmoja uliojipinda kama upinde, umeshika ng'ambo hii na ng'ambo ile, maji yanapita chini yake. Wenyeji wanaliita Daraja la Mungu. Mto huo huo una mahali pengine panapoitwa Kijungu, ambapo maji yanatumbukia katika shimo la mwamba lenye umbo la chungu.

Maelezo ya wataalamu wa miamba ni haya. Rungwe iko mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Ardhi ilipopasuka, volkano zikazaliwa, na Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000. Lava ilitiririka ikajaza mabonde na kuganda. Mto uliozibiwa njia haukubali kukaa, ukatafuta sehemu dhaifu chini ya lava na kuila kidogo kidogo, hadi ukabaki mwamba wa juu peke yake. Ndilo daraja.

Kwa nini Usukumani hatuna la namna hiyo? Kwa sababu miamba yetu ni ya graniti, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Jua, mvua na upepo vinaipasua kwa mistari na kuacha yale mawe makubwa yaliyobebana, ambayo kila aliyepita Mwanza anayajua. Ukilinganisha na graniti hiyo, lava ya Rungwe ni mtoto mchanga.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi tunaopenda historia. Historia ya Rungwe iliyoandikwa ni fupi mno. Balozi wa Kiingereza, Frederic Elton, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1877, akamfuata Joseph Thomson mwaka 1879. Wamisionari wa Moravian walijenga Rungwe mwaka 1891. Kisha Wajerumani wakaweka boma lao la Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Anayesoma vitabu hivyo tu anaweza kudhani kwamba kabla ya Elton palikuwa kimya.

Lakini jirani na Mlima Rungwe kuna volkano nyingine, Kiejo, na Wanyakyusa walihifadhi habari za kulipuka kwake, wazee wakiwasimulia vijana. Wataalamu walipokuja wakakuta lava changa ubavuni mwa mlima, wakakadiria mlipuko huo ulitokea karibu mwaka 1800. Habari ya mdomo ilikuwa imetunza jambo la kweli kwa vizazi kadhaa bila karatasi. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito kuliko "Shimeeyu" ya Stanley, ingawa shuleni tulikaririshwa habari za Stanley.

Wenzetu wa Marekani nao wana daraja la mwamba, katika jimbo la Virginia. Mwaka 1774 Thomas Jefferson alilinunua pamoja na shamba lake kutoka kwa Mfalme wa Uingereza kwa shilingi 20 za Kiingereza. Mfalme hakupata kuliona, na wenyeji wa asili hawakuulizwa kitu. Leo ni hifadhi ya jimbo hilo, lina walinzi, na historia yake imeandikwa ukurasa kwa ukurasa.

Nalitaja hilo kwa sababu madaraja ya namna hii hayana ahadi ya milele. Maji yaliyolichonga la Kiwira yanaendelea kulichonga kila masika. Malta walikuwa na upinde wa mwamba baharini uliovuta watalii kutoka pande zote. Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali ikaweka faini kwa atakayepanda juu yake. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikauangusha wote, na wageni waliofika baada ya hapo wakaonyeshwa bahari tu. Malta walibakiwa na picha na vipimo. Kwa Daraja la Mungu, kazi ya kwanza ni kwenda kwa wazee wa Rungwe na kinasa sauti, kabla ya kwenda kwa mtengeneza mabango ya utalii.