Floraidi kwenye maji ya bomba na meno ya mtoto wako

Kama unaishi Arusha, Arumeru au kokote kuzunguka Mlima Meru, umeshawaona watu wenye meno ya kahawia. Pengine hata ya kwako yako hivyo. Siyo uchafu, na kuyasugua kwa mkaa au chumvi hakusaidii. Ni madini ya floraidi, ambayo maji huyabeba yakipita kwenye miamba ya volkano kabla ya kufika kwenye chemchemi na visima.

Floraidi kidogo hulinda meno yasitoboke. Ikizidi, huharibu jino la ukubwani likiwa bado linajengeka ndani ya fizi, tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka 8. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na meno meupe ya utoto, halafu ya ukubwani yakaota na madoa. Yakishaota hivyo, hayarudi. Floraidi ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: miguu ya mtoto inaweza kupinda, na mtu mzima akakakamaa mgongo na viungo.

Kuchemsha hakuondoi floraidi

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana sisi wauguzi ndio tunaokuambia kila siku uchemshe maji. Endelea kuchemsha, kwa sababu ya kuhara na kipindupindu. Lakini floraidi siyo kijidudu kinachokufa kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki yote sufuriani. Klorini haiiondoi, wala kitambaa cha kuchujia. Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja aliniuliza afanyeje ili mdogo asipate meno kama ya kaka yake. Nikamwambia achemshe. Jibu lile linanisumbua mpaka leo.

Uliza namba

Floraidi huwezi kuiona kwa macho, kwa hiyo lazima maji yapimwe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kinachotumika Tanzania sasa. Ila kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine. Basi ukiambiwa "maji haya yalishapimwa, ni salama", uliza yalipimwa lini na floraidi ilikuwa miligramu ngapi. Kipimo cha vijidudu hakionyeshi floraidi.

Anzia ofisi ya mamlaka ya maji inayokuletea bili, au kwa afisa afya wa kata. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Gharama ya kupima majirani mnaweza kuchangia. Chukua chupa safi ya plastiki, siyo ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, kisha andika chanzo na tarehe. Usitumie majibu ya mtaa mwingine: visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, na bomba lako linaweza kubadilishiwa chanzo kiangazi.

Majibu yakizidi 1.5

Usiache kunyonyesha. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama wewe unakunywa maji yenye floraidi nyingi.

Kama maji mazuri ni ndoo moja tu, yawe ya watoto walio chini ya miaka 8: ya kunywa, uji na chai. Kuoga na kufua tumia ya bomba. Maji ya mvua yanafaa, ukiacha mvua za kwanza zioshe bati, na haya uyachemshe.

Magadi ya kulainishia maharage na makande yaache, kwani yenyewe yana floraidi. Loweka maharage usiku kucha. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na mkubwa kidogo afundishwe kutema.

Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanya kazi miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Vinafanya kazi, lakini mkaa huo huchoka, na ukichoka maji huendelea kutoka meupe vilevile huku floraidi ikipita. Andika kwenye ndoo tarehe mkaa ulipowekwa, na upeleke kupima maji yanayotoka kwenye kichujio, siyo yale ya bomba peke yake.