Meno ya utotoni si ya kupuuzwa: Namna ya kumkinga mtoto dhidi ya kuoza meno

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi huyachukulia meno ya utotoni kuwa ni ya kupita tu. Kwa kuwa yatang'oka yenyewe, jino likitoboka huachwa hadi mtoto atakapolia usiku kucha, na hapo ndipo safari ya hospitali huanza, mara nyingi kwa ajili ya kuling'oa.

Fikra hiyo ina gharama kubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Mtoto mwenye maumivu ya jino hushindwa kula na kulala, uzito wake huweza kupungua, na usaha wa jino hilo waweza kuliharibu jino la ukubwani linalokua chini yake.

Meno ya utotoni ni 20. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi, na yote huwa yamekwisha kuota afikapo miaka mitatu. Mbali na kutafuna, humsaidia mtoto kutamka maneno na huyashikia nafasi meno ya ukubwani. Likitoka mapema, meno jirani huegemea pengo, na jino jipya likikosa njia huota kombo.

Aidha, mtoto akitimiza miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno yote bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani kuwa nalo ni la utotoni, wakaliacha lioze, ilhali hilo likitoka halioti tena.

Jino huozaje?

Kinywani mna bakteria wanaoishi katika utando laini unaoganda juu ya meno. Wanapopata sukari huigeuza kuwa tindikali, nayo huyeyusha madini ya gamba gumu la jino. Mate huizimua tindikali hiyo na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huhitaji muda.

Kwa hiyo hatari haitokani na wingi wa sukari peke yake, bali pia na idadi ya mara ambazo sukari huingia kinywani kwa siku. Mtoto anayemumunya pipi na ubuyu wa sukari, au anayekunywa juisi kidogo kidogo toka asubuhi hadi jioni, huyanyima meno yake nafasi ya kupumzika.

Usiku mate hupungua. Ndiyo maana mtoto anayelazwa na chupa yenye maziwa yaliyotiwa sukari, chai au juisi huoza haraka meno ya mbele ya juu. Yale ya chini hukingwa kwa kiasi na ulimi.

Mambo ya kuzingatia

Anza kumsafisha mtoto meno mara jino la kwanza linapochomoza. Mpige mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, bila kumpa kitu kingine baadaye isipokuwa maji.

Tumia dawa ya meno yenye madini ya floraidi ya kiwango cha kati ya 1,000 na 1,500 ppm, kama inavyoandikwa kwenye boksi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atoshelezwe na kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asilimeze. Mzazi ndiye apige mswaki au asimamie hadi mtoto afikie miaka saba au minane, kwani kabla ya hapo mikono yake haijawa mahiri.

Kwa wakazi wa maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ambako maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi, madoa ya kahawia kwenye meno huweza kutokana na maji hayo, na si lazima yawe ni kuoza. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Wazazi wa huko wamwone daktari wa meno kwa ushauri kuhusu dawa inayofaa.

Maziwa ya mama yabaki kuwa chakula pekee cha mtoto kwa miezi sita ya mwanzo. Akianza kula, asizoeshwe uji wenye sukari nyingi. Soda na peremende zisiwe zawadi ya kila siku. Mpe maji, matunda na karanga, mradi karanga zisagwe kwa walio chini ya miaka mitano ili zisiwapalie.

Mara moja kwa mwezi, inua mdomo wa juu wa mtoto na uangalie. Mistari myeupe kama chokaa karibu na ufizi ndiyo dalili ya kwanza. Katika hatua hiyo jino bado laweza kuimarika kwa floraidi na kupunguza sukari. Hata tundu likianza, si lazima kung'oa: mwaka 2021 WHO iliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uozo bila kutoboa jino, ingawa huacha doa jeusi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu kile kiitwacho 'meno ya plastiki'. Mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, wapo wanaompeleka kwa mganga akatwe ufizi na kung'olewa vichipukizi vya chonge. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Kitendo hicho huweza kuleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo, huku homa yenyewe ikibaki bila tiba. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino la mtoto, ufa huo huzibwa kwa mswaki na maji safi kila usiku.