Mnyoo wa Farasi na Fungu la Kila Mzazi

Suala la nani humpa mtoto umbile lake, baba au mama, liliwagawa wataalamu wa Ulaya kwa muda mrefu. Baada ya Antoni van Leeuwenhoek kuziona mbegu za kiume kwa hadubini mwaka 1677, wapo walioshikilia kwamba mtoto mzima amejikunja ndani ya mbegu hizo, na mama ni shamba tu (dai ambalo barazani halijesha kusikika). Wapinzani wao walimweka mtoto huyo ndani ya yai. Pande zote mbili zilikuwa na hoja nyingi na ushahidi haba.

Mwaka 1882 Walther Flemming wa Kiel, Ujerumani, alieleza jinsi alivyozitia rangi seli za viluwiluwi vya salamanda, jamaa wa chura, akaona nyuzi ndani ya kiini. Kila uzi hupasuka kwa urefu wake, nusu moja ikaenda huku na nyingine kule, hata seli mbili mpya zikapata urithi ulio sawa. Mgawanyiko huo aliuita mitosisi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uzi. Jina la kromosomu lilitolewa na Waldeyer mwaka 1888.

Nyuzi za salamanda, hata hivyo, ni nyingi na zimesongamana. Edouard van Beneden, profesa wa Liège, Ubelgiji, alichagua kiumbe kisichopendeza: mnyoo wa utumbo wa farasi. Katika aina aliyoichunguza, yai lililotungishwa lina kromosomu 4 tu. Uchaguzi huo ulikuwa nusu ya ugunduzi. Mwaka 1883 alionyesha kwamba yai huleta 2, mbegu ya kiume huleta 2, wala hazimezani. Yai linapogawanyika, kila seli hupokea za baba na za mama kwa hesabu moja. Ubishi wa karne mbili ukaamuliwa kwa kuhesabu hadi nne.

Lakini kwa nini yai lilileta 2 badala ya 4? Hapo van Beneden aliteleza: alidhani kwamba yai changa lina sehemu ya kiume na ya kike, nalo huitupa ya kiume kabla ya kutungishwa. Mwaka 1887 August Weismann alitoa hoja kwamba lazima uwepo mgawanyiko wa kupunguza, la sivyo idadi ingeongezeka maradufu katika kila kizazi. Oscar Hertwig aliufafanua mwaka 1890, kwa mnyoo yuleyule: seli mama ya kiume huzaa mbegu nne, ilhali ya kike hutoa yai moja na vijisehemu visivyozaa. Waingereza Farmer na Moore ndio walioupa jina, mwaka 1905: meiosisi, yaani upunguzaji.